Maandishi Nyuma ya Kibao

Nyumba ya Vioo, Idara ya Biolojia
Bohdal, Nebraska
17 Novemba 1996

Dada mpendwa Libbie,

Nakusalimu kwa heshima zote anazostahili dada mkubwa, pamoja na zile nilizokunyima tulipokuwa wadogo. Nyonga yako mpya inaendeleaje? Bozena aliniambia kwenye simu kwamba sasa unafika mpaka kwenye sanduku la barua bila fimbo, na kwamba daktari akikukera unamtukana kwa Kicheki ili asielewe. Nikamwambia mwanao, basi mama yako amepona, mpe koleo akaondoe theluji. Na yule paka wako mnene kama kasisi, mfikishie salamu. Mimi ni mzima, ila magoti yanalia asubuhi kama mlango wa banda. Macho, kwa kuwa najua utauliza, ni mazima kabisa. Naomba ulishike hilo la macho, maana tutalirudia.

Ulinilalamikia katika barua yako ya Septemba kwamba nimekuwa bubu tangu Pasaka. Bozena naye akaniambia kwamba unawasimulia akina mama wa kanisani jinsi mdogo wako, aliyeacha shule darasa la nane, anavyokaa siku hizi na maprofesa kuchagua nani aajiriwe na nani arudishwe kwao. Dada, acha kuwasimulia. Au wasimulie yote. Ndiyo sababu nimeketi hapa juu ya gunia la udongo, kalamu mkononi.

Unakumbuka nilikuandikia kwamba mzee Vosika, aliyefundisha mambo ya mimea hapa miaka thelathini na moja, amestaafu. Chuo kikatangaza nafasi yake. Hiki chuo chetu si cha kugundua vitu. Hapa hakuna aliyewahi kugundua chochote, isipokuwa mimi nilipogundua nani anaiba kahawa ya idara. Hapa watu wanafundisha, asubuhi mpaka jioni, na wanaowafundisha ni watoto wa wakulima na akina mama wanaokuja darasani moja kwa moja kutoka zamu ya kiwanda cha nyama, mikono bado inanuka sabuni. Barua za maombi zilikuja sitini na nne. Wakaitwa watu watatu.

Mkuu wa idara ni Lindquist, yule mrefu aliyekula kolache sita, yale maandazi yetu ya Kicheki, kwenye mazishi ya mke wangu Betty halafu akauliza kama kuna za kufunga. Ana desturi yake. Kila aliyekaa na mgeni kwa saa moja hujaza kadi ya njano: katibu, wanafunzi, hata mimi mtunza mimea, kwa sababu kila mgeni hupitishwa kwenye nyumba yangu ya vioo. Halafu kamati inakaa, kadi zinasomwa, kura zinapigwa. Kwa hiyo si kweli kwamba mimi ni mwanakamati. Nina kadi moja ya njano tu. Ila kadi yangu husomwa mwisho, kwa sauti, kwa sababu wanajua watacheka.

Sasa nikueleze mchezo wangu. Kwenye meza ya pili nina mimea miwili, kakati wa jangwa la Amerika na mnyaa wa Afrika, ule wa aina yenye miiba. Yote haina majani, yote ina miiba na mbavu za kijani, ukiitazama harakaharaka utasema ni pacha. Lakini udugu wao ni kama wangu mimi na Askofu. Ukiukwaruza mnyaa unatoa maziwa meupe, na kakati hutoa maji tu. Mgeni akikaribia kuja, mimi huvibadilisha vibao vya majina. Halafu natembea nyuma yake nikiwa na uso wa mtakatifu. Dada, hujui raha ya kumwona mtu mwenye shahada tatu akisoma kibao badala ya kuutazama mmea! Idara nzima inaujua mchezo huu, mpaka mkuu wa kitivo, Bi. Rasmussen, ambaye hutazama dari na kuguna.

Kitu wasichokijua ni chumvi niliyoiongeza mwenyewe. Mgeni ninayempokea uwanja wa ndege kule Lincoln, mimi humweleza njiani kwamba macho yangu yamekwisha, kwamba nasoma vibao kwa kupapasa, na kwamba Bi. Rasmussen anatafuta kosa moja tu anifukuze kabla ya pensheni. Uongo mtupu. Yule mama ananiogopa mimi kuliko ninavyomwogopa yeye. Lakini nilitaka kuona kama mgeni atakuwa na ujasiri wa kusema ukweli mtu mwingine akiwa na cha kupoteza. Ndivyo nilivyojiambia. Kusema kweli nilipenda tu kuwaona wakihangaika.

Wa kwanza alitoka Oregon. Alisoma kibao, akausimulia ule mnyaa habari za jangwa la Meksiko dakika kumi nzima, na mnyaa ukamsikiliza kwa adabu. Nikaandika kwenye kadi: Anasoma vizuri.

Wa pili ni Hale. Kijana nadhifu, viatu vinang'aa, nywele kama amezichora. Alifika meza ya pili, akasimama, akaking'oa kibao na kukiinua juu mbele ya Bi. Rasmussen na wanafunzi wanane. Akauliza ni mbumbumbu gani aliyeandika hiki, maana hata mtoto wa darasa la sita angejua. Wanafunzi wakaangua kicheko, na mimi nikacheka kuwashinda wote. Nikasema moyoni, huyu ndiye, huyu anaijua mimea. Kadi yangu ikajaa sifa. Kwamba mtu huyo huyo alikuwa ameketi kando yangu garini saa mbili nzima akisikiliza habari za macho yangu na pensheni yangu, hilo sikuliwaza hata kidogo. Niliwaza mimea tu.

Wa tatu aliitwa Corinne Thiessen, kutoka kwa Wamenonaiti wa Kansas. Nilimpokea theluji ikianguka. Viatu vyake vya kahawia vilikuwa vimebadilishwa soli, na mkoba wake ulifungwa kwa mkanda wa suruali. Alinieleza bila kulalamika kwamba kwa miaka minne amekuwa akifundisha vyuo vitatu kwa wakati mmoja, kwa saa, akiendesha gari kutoka kimoja hadi kingine, na ofisi yake ni buti ya gari. Alimwahidi kaka yake kwamba nafasi hii ikimponyoka ataacha ualimu, atarudi kumsaidia kwenye ghala la nafaka. Alisema hivyo kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Nilipompigia ngoma yangu ya upofu hakuhangaika kama wengine. Aliuliza nani ananisomea barua. Nikajikuta, Dada, nikimweleza habari zako. Nilimweleza jinsi ulivyokuwa mwalimu wetu pale shule ya chumba kimoja, wewe na miaka kumi na tisa tu, na mimi jitu zima la miaka kumi na minne lisilojua kusoma, nimeketi nyuma na makonde yamekunjwa tayari kwa yeyote atakayecheka. Jinsi ulivyokuwa ukiniita nisimame nisome, na kila mara ulinipa ukurasa ule ule ambao usiku uliotangulia ulikuwa umenikaririsha jikoni. Darasa zima likadhani Emil anasoma. Yule bibi alicheka kidogo, halafu akasema angependa kukutana nawe. Nilimwambia uko Iowa na huna subira na watu wa Kansas.

Somo lake la majaribio nililisikiliza nikiwa mlangoni. Kila mwanafunzi alimpa harage lililolowekwa. Darla Novotny, mama wa watoto wawili ambaye alikuwa akinisaidia kumwagilia alasiri kabla ya zamu yake ya kiwandani, alijibu swali, akakosea vibaya sana, watu wakaanza kukonyezana. Yule bibi akasema jibu hilo tuliweke mezani, tutalihitaji. Na kweli, kabla saa haijaisha wakalirudia, wakalipasua kama harage lenyewe, na jibu sahihi likatokea ndani ya lile kosa. Darla aliniambia baadaye, "Mzee, hii ni mara ya kwanza nimekosea na sikutaka kuingia chini ya meza."

Halafu yule bibi akaja kwangu, pamoja na Bi. Rasmussen. Alisimama kwenye meza ya pili. Akasoma kibao. Akautazama mmea. Akaukwaruza kwa ukucha, kidogo tu, akafuta kidole kwa leso. Akamtazama Bi. Rasmussen, akanitazama mimi. Kisha akaniomba nimwonyeshe mkuu wa kitivo maua yangu kule mwisho, yeye angetufuata. Alipotufikia alisema nyumba inatunzwa vizuri sana. Basi. Wakati wa kuagana, kwa kuwa Lindquist ndiye aliyempeleka uwanja wa ndege, alinishika mkono akaniambia nikipata nafasi nisiisahau meza ya pili. Nilidhani anasema habari za maji.

Kwenye kadi nikaandika: Somo zuri. Mimea haijui.

Lakini kadi haikunitosha. Lindquist aliponiita kwenye kikao nieleze, nilisimama nikamwigiza. Nilishika mkoba wa katibu kama ule wake wa mkanda, nikakisogelea kibao cha kufikirika, nikakodoa macho, nikasema kwa sauti nyembamba, "Lo, kakati mzuri namna gani, naomba nimkamue maziwa!" Walicheka mpaka profesa wa samaki akavua miwani afute machozi. Kura zikawa nne kwa Hale, tatu kwa yule bibi. Profesa wa samaki aliniambia kwenye korido kwamba alikuwa anamtaka yule bibi, ila mimi nimemwokoa asifanye kosa. Nikatembea siku nzima kifua mbele kama jogoo.

Hale alikuja Agosti. Anaijua mimea, hilo hatumnyang'anyi. Mwezi uliopita alitoa mtihani wa maabara, na Darla akabadilisha majina ya mimea miwili. Hale akaiinua karatasi yake mbele ya darasa na kuuliza ni mbumbumbu gani aliyeandika hiki. Maneno yale yale, Dada, mpaka na mkono wenyewe juu vile vile. Wakacheka. Alasiri Darla akaja kurudisha aproni. Nikamwambia asiwe mtoto, kicheko hakiui mtu. Akaikunja aproni vizuri, akaitundika kwenye msumari wake, akasema, "Mzee Emil, wewe hujawahi kuchekwa kwa kitu unachokipenda." Akaenda zake. Somo ameliacha. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja awe mwalimu wa shule ya msingi.

Mpaka hapa unaweza kusema mdogo wako alikosea tu, mzee mcheshi akapitiwa. Nami ningependa uishie hapo, ukunje barua, umlishe paka. Lakini bado.

Kura zilipigwa Jumatano. Hale alikuwa apigiwe simu Jumatatu, kwa kuwa Bi. Rasmussen alikuwa safarini na sahihi yake ilihitajika. Alhamisi asubuhi nilikwenda kuvirudisha vibao mahali pake. Nilipoking'oa kile cha kwenye mnyaa, nikakuta maandishi ya penseli upande wa nyuma, herufi kubwa zilizonyooka, zimekandamizwa mpaka kidole kinazihisi. Yanasema hivi:

"Bw. Kudrna, kibao hiki na cha jirani vimebadilishana. Huu unatoa maziwa. Sikusema mbele ya mkuu wako. Virudishe kimyakimya. C.T."

Nilikaa juu ya gunia. Nikasoma tena, pole pole, nikifuata kwa kidole kama ulivyonifundisha. Alijua. Alijua tangu alipofuta kidole, na mimi nilikiona kile kidole, Libbie, niliyaona yale maziwa kwenye leso, nikajiambia ni vumbi, kwa sababu kichekesho kilikuwa kimeshapikwa kichwani. Alidhani mimi ni mzee kipofu anayewindwa. Akanipa ukurasa ninaoweza kuusoma, darasa lisijue.

Nilikuwa na siku nne. Ofisi ya Lindquist iko hatua thelathini kutoka kwenye gunia hilo, nimezihesabu baadaye. Nilichotakiwa ni kubeba kipande cha ubao. Lakini korido nzima ilikuwa bado inacheka. Katibu alikuwa akiniona tu anasema kwa sauti nyembamba, naomba nimkamue maziwa. Nirudi pale niseme mbumbumbu ni mimi? Nikakitia kibao kwenye mfuko wa aproni. Ijumaa nikasema kesho. Jumamosi nikacheza karata kwa rafiki yangu Ludvik, nikashinda. Jumapili nikaenda misani, nikapokea komunyo na kibao kimo kwenye koti, maana nilikuwa nimekihamisha humo nisikiache peke yake. Jumatatu saa tatu asubuhi nikamwona Lindquist akifunga mlango wake apige simu. Nikachukua bomba nikaenda kumwagilia mimea niliyokuwa nimeshaimwagilia.

Siku Darla alipotundika aproni ndiyo siku niliyokwenda. Nilimwekea Lindquist kibao mezani, nikamweleza yote, ya kibao, ya kidole, na ile ya macho ambayo hakuwa anaijua. Nilitaraji anifokee. Alivua miwani, halafu akanieleza jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu.

Mwezi wa nne alimpigia Corinne Thiessen simu kumpa pole, kwa kuwa ni mtu mwungwana. Yule bibi alimwuliza, kama si vibaya kuuliza, alikosea wapi, apate kujirekebisha. Lindquist akamwambia ukweli aliokuwa nao. Akamwambia mtunza mimea wetu ameripoti kwamba ulipita mbele ya kibao kisicho sahihi na hukukijua. Yule bibi alikuwa na neno moja tu la kusema, Dada. Geuzeni kibao. Basi. Badala yake aliuliza kama mzee Emil bado yuko kazini. Lindquist akajibu yupo. Yule bibi akasema, "Vizuri. Mpe salamu zangu."

Lindquist alisahau kunifikishia. Amenifikishia wiki tatu zilizopita, pale mezani, kibao kikiwa kati yetu.

Nafasi hakuna tena, Hale ana mkataba wake. Lindquist ametafuta anwani. Yule bibi yuko Kansas, anapima malori ya ngano kwenye ghala la kaka yake. Idara itamwandikia barua yake. Lindquist aliniambia ya kwangu niiandike mwenyewe, na kadi ya njano hatanipa tena, nikamwambia ningeirudisha hata angenipa. Nilikwenda pia kwa Darla nyumbani kwake. Alinisikiliza mlangoni, mtoto kiunoni, akasema asante kwa kuja, akafunga. Hana deni la kunifungulia. Aproni yake bado iko kwenye msumari na sijamruhusu mtu kuigusa.

Kibao nimekirudisha kwenye mnyaa, pale pale alipokiandika yule bibi, kinyumenyume, maandishi ya penseli yakitazama watu. Kila mwanafunzi anayepita anauliza ni habari gani hii, na mimi namweleza, mwanzo mpaka mwisho, na siigizi sauti ya mtu. Wengine hucheka. Wana haki.

Ile barua ya Kansas nimeianza mara sita na kuichana mara sita. Kila nikianza natokea mcheshi. Leo asubuhi nimepata mstari wa kwanza, na nimeuacha kama ulivyo: "Daktari Thiessen, macho yangu ni mazima, na siku ile yalikuwa mazima." Wa pili bado sijaupata. Sikuombi uniandikie. Nakuomba tu ukae kama ulivyokuwa ukikaa jikoni, mgongo umenigeukia, ukimenya viazi, mpaka niufikie mwisho wa ukurasa.

Msalimie Bozena na wanawe. Waambie akina mama wa kanisani lolote utakaloona linafaa, ila liwe kweli. Jifunike vizuri, na fimbo usiitupe bado, utaihitaji kunichapa nayo wakati wa Krismasi, nitakapokuja.

Mdogo wako anayekupenda na anayeona vizuri sana,

Emil